Kitoweo safi Tanga: dagaa, jodari, changu, pweza au mwatiko?

Swali hili naulizwa na wageni wanaohamia Tanga, na siku hizi hata na wenyeji: nikishuka Deep Sea, soko letu la samaki, kununua kitoweo, nichukue yupi ambaye hatamdhuru mtoto wangu na wala hataiacha bahari tupu? Linastahili jibu refu kuliko "chukua aliye mbichi". Samaki anaweza kuwa ametoka majini alfajiri ile ile, macho yanang'aa, kumbe amevuliwa kwa baruti iliyoua kila kitu kwenye kipande kizima cha mwamba. Mwingine amevuliwa kwa mshipi, kwa halali kabisa, halafu akalazwa juani ndani ya chombo mpaka adhuhuri, akawa hafai tena kuliwa.

Nimeyapanga makundi matano ambayo mnunuzi wa Tanga hukutana nayo karibu kila wiki. Kuna dagaa na vibua, samaki wadogo wanaokwenda kwa makundi juu juu ya maji. Kuna wakubwa wa mkondo: jodari, sehewa na nguru. Kuna samaki wa miamba: changu, tasi, pono, chewa. Kuna pweza na ngisi. Na kuna mwatiko wa bwawani. Kamba na papa nitawagusa mwishoni kwa kupita.

Wote nitawapima kwa vigezo vile vile: amevuliwaje, kizazi chake kinarudi kwa kasi gani, usafi wake mpaka anaingia chunguni, anampa nini mlaji, na anapatikana lini kwa bei gani. Kigezo cha kwanza nimekipa nafasi kubwa kwa makusudi. Ndicho kilichotuumiza zaidi Tanga.

Amevuliwaje

Samaki wa miamba ndio wanaotaka macho zaidi. Changu yule yule anaweza kufika mnadani kwa mshipi, kwa dema (mtego wa kusukwa), kwa wavu wa kutega, kwa juya au kwa baruti, na akishalazwa juu ya meza wote wanafanana. Mshipi humleta samaki mmoja mmoja na mwamba ukabaki ulivyo. Dema nalo ni la heri likisukwa kwa matundu mapana, maana wadogo hujitokea wenyewe, na mvuvi akilipandisha anaweza kumrudisha majini asiyemhitaji akiwa mzima. Juya ni habari nyingine. Hukokotwa chini mpaka ufukweni, likang'oa majani ya bahari na kukusanya watoto wa samaki wasiofika hata urefu wa kidole. Wanaopenda kununua fungu la "samaki mchanganyiko" wa vidole vidole waelewe kwamba mara nyingi wanakula changu na tasi wa mwaka ujao.

Kisha baruti. Pwani ya Tanga ilibeba sifa mbaya ya baruti kwa miongo mingi. Bomu lenyewe ni chupa iliyojazwa mbolea iliyochanganywa na dizeli, au baruti iliyopenyezwa kutoka machimboni, na utambi. Mwezi Machi na Aprili 2015 watafiti walipita na chombo pwani nzima ya Tanzania wakisikiliza chini ya maji kwa vinasa sauti, wakathibitisha milipuko 318. Mingi ilikuwa karibu na Dar es Salaam, ila hakuna upande wa pwani uliosalimika. Miaka iliyofuata vyombo vya dola viliingia kwa nguvu, vikundi vya BMU, yaani vya wanavijiji wanaolinda rasilimali za bahari, vikasaidia, na milipuko ikapungua sana. Nafurahi kuandika hivyo. Lakini matumbawe yaliyovunjika huchukua miongo kurudi, na jicho la mnunuzi ni sehemu ya ulinzi, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu namna ya kumtambua samaki wa baruti.

Kwa nje anaweza kukudanganya: magamba yapo, rangi ipo, jicho halina ukungu. Mwombe mparaji ampasue mbele yako. Samaki wa mshipi au dema akipasuliwa, matumbo yake yako mahali pake na damu imekaa kwenye mstari wake chini ya uti wa mgongo. Wa baruti tumbo lake limejaa damu iliyotapakaa, kibofu cha hewa kimepasuka, na mbavu za ndani zimevunjika au zimeachana na nyama. Ukimshika kichwa na mkia ukamnyanyua, analegea katikati kama kitambaa. Nyama yake haikawii kulainika na kuharibika, kwa sababu imeshapondwa kabla hata ya kufika chomboni.

Alama nyingine ni za nje. Wa mshipi ana tundu la ndoana mdomoni. Wa dema mara nyingi amechubuka pua kwa kugonga kuta za mtego. Wa wavu wa kutega ana mstari uliomkata nyuma ya matamvua, na magamba yamechomoka pale. Asiye na alama yoyote, tena ni mmoja kati ya fungu kubwa la samaki wa aina tofauti, muulizie.

Wauzaji wengi hawachukii swali. Mazungumzo huwa mafupi tu:

"Shikamoo, bibi. Changu huyu wa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Wa mshipi huyo, mtazame mdomo. Yule wa pale sikuambii kitu, kamuulize mwenyewe."

Jibu la namna hiyo lina thamani kuliko bei ya kupunguziwa.

Kwa dagaa na vibua, chombo kikuu ni wavu wa ringi unaozungushwa usiku kwenye mwanga wa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri na za sola. Ukizungushwa maji marefu, wavu huu hukamata kundi moja la samaki wa juu na hauigusi sakafu ya bahari, na huo ni uvuvi mzuri. Ukizungushwa maji mafupi karibu na mwamba, unakusanya na watoto wa samaki wa miamba. Mnunuzi anaweza kuona: ndoo ya dagaa yenye vichangu na vitasi vidogo ndani imetoka pasipofaa.

Jodari, sehewa na nguru huvuliwa kwa mshipi wa kurambaza, chombo kikienda, au kwa nyavu. Mshipi ni salama. Jarife, wavu wenye matundu makubwa unaolazwa usiku, haliulizi nani anapita: kasa, pomboo na samaki aina ya taa wote humo. Ni jarife zilizotegwa maji marefu kwa ajili ya papa ndizo zilizowaleta juu silikanti wa Tanga kuanzia mwaka 2004, samaki ambao wataalamu waliwahi kudhani wametoweka tangu zama za dinosaria. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilitangazwa mwaka 2009 kwenye pwani hii ya Tanga. Kwa hiyo nguru wa kurambaza na nguru wa jarife, bei moja, ni samaki wawili tofauti mbele ya bahari.

Pweza huchokolewa kwa miguu, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kukupwa sana, yakitoka na mwamba ukabaki wazi. Wanawake na watoto hufanya kazi hii pamoja na wanaume, na kwa familia nyingi ndiyo fedha ya sare za shule. Madhara yake ni ya kukanyaga matumbawe na ya kubomoa mawe kumtoa pweza shimoni. Mchokoaji mzoefu humvuta bila kuvunja chochote. Ngisi huvuliwa kwa mshipi na kwa nyavu usiku, na sina neno zito juu yake.

Mwatiko havuliwi, hufugwa kwenye mabwawa ya maji ya chumvi, na chakula chake kikuu ni mwani mdogo unaoota humo bwawani. Hahitaji kulishwa unga wa samaki wengine, na hilo ni jambo kubwa. La kuuliza ni bwawa limechimbwa wapi. Likichimbwa kwenye jangwa la chumvi nyuma ya mikoko, ambako hakuoti kitu, halina kosa. Wakikata mikoko ili wapate bwawa, wameharibu kitalu cha samaki na kamba wengi kuliko watakaowavuna. Vifaranga navyo bado hukusanywa zaidi kutoka kwenye vijito vya bahari, ingawa Zanzibar tayari kuna kituo cha kuzalisha vifaranga Beit el Ras.

Kizazi kinarudi kwa kasi gani

Dagaa wanakua haraka na kuzaa mapema, vibua hali kadhalika. Kundi likivuliwa sana linaweza kurudi ndani ya muda mfupi mradi mazalio hayajaguswa. Sehewa naye yu hodari, hukomaa akiwa na mwaka na nusu hivi. Jodari mwenye mapezi ya manjano huchukua muda zaidi. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi ilitangaza mwaka 2015 kwamba anavuliwa kupita kiasi, nchi zikawekewa mipaka ya mavuno, na tathmini ya 2024 ikaja na nafuu. Meli kubwa za mbali zina mkono mkubwa zaidi kwenye habari hiyo kuliko mashua za Tanga, ila sote tunachota kisima kimoja.

Pweza anashangaza. Huyu wa miamba yetu huishi mwaka mmoja, mwaka na nusu akizidi. Jike hutaga mara moja tu maishani, akakaa shimoni kuyalinda mayai bila kula, yakianguliwa naye anakufa. Kwa kuwa anakua upesi mno, vijiji kadhaa vya pwani, Bara na Visiwani, vimejifunza kufunga mwamba kwa miezi mitatu hivi kisha kuufungua. Pweza wanaovuliwa siku ya kufungua huwa wazito kweli kweli. Kanuni zetu za uvuvi zinakataza kuvua pweza wa chini ya nusu kilo. Ukiona vipweza vya gramu mia mbili vimepangwa kwenye sinia la kukaanga, ujue kila kimoja kingeachwa wiki chache tu kingekuwa kitoweo cha nyumba nzima.

Samaki wa miamba hawako sawa, na hapa ndipo watu wengi wanapowachanganya. Tasi hukomaa ndani ya mwaka mmoja na hula majani, kwa hiyo hustahimili. Changu wastani. Pono ana kazi maalumu: anakwangua mwani juu ya matumbawe, na bila yeye mwamba hufunikwa na mwani na matumbawe machanga hayapati pa kushika. Ningependa tumle pono kwa nadra. Chewa ndiye dhaifu kuliko wote. Anaishi miaka mingi, anakomaa polepole, na wengi wao huanza maisha wakiwa majike kisha wakubwa wakageuka madume. Tukiwamaliza wakubwa tumewamaliza madume. Pia hukusanyika mahali pamoja msimu wa kuzaa, mvuvi akipajua mahali hapo anaweza kumaliza kundi kwa siku chache. Miaka ya 1990 wanavijiji wa upande wa Kigombe, pamoja na serikali, walikubali kufunga miamba ya Kitanga na Upangu ili samaki wa namna hii wapate pa kupumzika, na nawaheshimu kwa hilo, maana waliojinyima ni wao kwanza.

Mwatiko wa bwawani anarudi kwa kadiri mfugaji anavyopanda. Miezi sita hadi tisa anafaa kuliwa.

Usafi wake mpaka chunguni

Jodari, sehewa, nguru na vibua wana jambo moja ambalo kila mnunuzi analazimika kulijua. Nyama yao ina histidini nyingi, moja ya viini vya protini. Wakikaa kwenye joto, bakteria huigeuza kuwa histamini, na histamini haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga wala kwa ndimu. Mlaji huwashwa ulimi, uso ukawa mwekundu, kichwa kikagonga, ngozi ikatoka vipele, wakati mwingine ndani ya nusu saa tu. Wengi hudhani wana mzio wa samaki, kumbe samaki alikosa barafu. Kwa joto letu, kilo moja ya samaki inataka kilo moja ya barafu, na mashua nyingi ndogo hutoka bila barafu kabisa. Kwa hiyo kwa kundi hili uliza saa aliyovuliwa. Jodari wa kurambaza aliyefika saa moja asubuhi ni mzuri. Kipande cha jodari kilichokaa mezani mpaka saa nane mchana bila barafu nakishauri ukiache hata kama kinapunguzwa bei nusu.

Kundi hili ndilo lenye zebaki pia, na sababu ni ukubwa: anayekula wadogo hujikusanyia zebaki ya kila mmoja aliyemla, na anayeishi miaka mingi hukusanya zaidi. Viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu zebaki ya methili mpaka miligramu 1.2 kwa kilo ya jodari na 1.6 kwa kilo ya papa, na hivyo ndivyo viwango vya juu vinavyokubalika sokoni, visichukuliwe kuwa ruhusa ya kula kila siku. Sehewa, kwa udogo wake, ana nafuu kuliko jodari mkubwa. Zebaki haionekani, haina harufu, na inaathiri zaidi ubongo wa mtoto aliye tumboni. Dagaa, vibua, ngisi na mwatiko wako upande wa chini kabisa. Changu na tasi pia hawana tatizo kubwa. Chewa mkubwa yuko katikati.

Dagaa wana adui wao: mchanga na nzi. Waliokaushwa juu ya vichanja ni safi, wanabaki na rangi ya fedha, hawana chembe zinazokwaruza meno. Waliotandazwa ufukweni hubeba mchanga, na kwato za mbuzi zimepita humo. Wavunje vichwa wachache uwanuse. Harufu kali ya mafuta yaliyochacha ina maana walikaa muda mrefu kabla ya kukauka.

Samaki wa miamba hawana histamini nyingi na hustahimili saa chache zaidi, ingawa barafu ni barafu. Pweza na ngisi wakioza hutoa harufu isiyofichika, huna haja ya fundi. Mwatiko anaweza kunuka tope ikiwa maji ya bwawa yametuama, na mfugaji mzuri humweka kwenye maji safi kabla ya kumvuna.

Jambo la jiji: maji machafu ya Tanga huishia baharini, na mvua za masika huleta kila kilichoko mitaroni. Samaki anayeogelea hupita. Chaza na kombe hawapiti, hukaa hapo hapo wakiyachuja maji hayo mchana na usiku. Wanaookotwa mbali na jiji, wakichemshwa barabara, sina shaka nao. Wanaookotwa karibu na mifereji, waacheni.

Mwilini

Dagaa mdogo anayeliwa na miba yake yote anatoa kalisi ambayo minofu ya samaki mkubwa haina, pamoja na chuma na mafuta ya omega-3. Kibua ana mafuta hayo kwa wingi, na bei yake haina mbwembwe. Jodari na sehewa wana protini nyingi na nyama nyekundu yenye chuma. Samaki wa miamba wana nyama nyeupe nyepesi, inafaa kwa mgonjwa na kwa mtoto anayeanza kula, mradi miba itolewe. Pweza ana protini na vitamini B12 bila mafuta mengi. Mwatiko ana mafuta mazuri ila miba yake ni mingi kiasi cha kumkatisha tamaa asiyemzoea.

Mwenye jongo aangalie: dagaa na ngisi huongeza asidi ya yuriki. Na samaki wa chumvi, awe ng'onda au papa mkavu, si wa mwenye shinikizo la damu, hata akilowekwa usiku kucha.

Mfukoni na kwenye kalenda

Dagaa hufuata mwezi. Kwenye giza hupatikana kwa wingi na ndoo hushuka bei; mbalamwezi ikikaa, taa za wavuvi hazina nguvu na dagaa huadimika. Kwa wanaonunua wakavu, Kipumbwi upande wa Pangani ni jina linalojulikana. Pweza hufuata bamvua, kwa hiyo siku chache baada ya mwezi mpya au mwezi mpevu ndipo ushuke na kikapu. Wakati wa maji mafu, bahari isipokupwa sana, unayenunua mara nyingi ametoka kwenye friji. Nguru na jodari ni ghali kwa kipande, na kusi likivuma sana mashua ndogo hazitoki nje. Sehewa ni ndugu yao wa bei ya chini, na sielewi kwa nini nyumba nyingi zinamdharau. Chewa na changu wakubwa hugombewa na hoteli, kwa hiyo bei yao haitokani na ladha peke yake. Mwatiko bei yake haiyumbi sana na upepo, lakini hapatikani kila siku. Wafugaji huvuna kwa mpigo, inabidi ujue wanavuna lini.

Kamba na papa

Kamba wa nyavu za mkono kwenye midomo ya mito ni kitoweo halali cha sherehe. Kamba wa meli za kukokota huja na samaki wengi waliotupwa wakiwa wamekufa, na kwa sababu ya kupungua kwa kamba serikali iliwahi kuzisimamisha meli hizo mwishoni mwa miaka ya 2000. Papa namwacha nje ya ulinganisho kwa moyo mzito, maana najua mchuzi wa papa ni urithi wa nyumba nyingi Tanga. Anazaa watoto wachache baada ya miaka mingi, aina zake kadhaa ziko hatarini, na ndiye mwenye zebaki zaidi ya wote waliotajwa hapa. Atakayempika ampike kwa nadra, na asimpe mjamzito.

Kwa hali yako

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto chini ya miaka sita: dagaa, vibua, tasi, changu mdogo wa mshipi, ngisi, mwatiko aliyetolewa miba. Ushauri wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani kwa mjamzito ni gramu 227 hadi 340 kwa wiki za samaki wenye zebaki kidogo, sawa na milo miwili au mitatu. Usiache samaki kwa hofu. Mtoto aliye tumboni anayahitaji mafuta hayo. Acha jodari mkubwa, chewa mkubwa, nduaro na papa mpaka baadaye. Nguru naye mpunguze, kwa kuwa jamaa yake wa bahari ya Atlantiki ametajwa kwenye orodha ya kuepukwa.

Nyumba ya watu wengi na kipato cha siku kwa siku: dagaa wakati wa giza, ununue wa kutosha na kukausha wewe mwenyewe juu ya kichanja au wavu, wakufae kwa bada na ugali mwezi mzima. Vibua wakati wowote, mradi ufike mapema. Fungu la samaki mchanganyiko wadogo wa juya linaonekana rahisi, lakini ukiweka kando vichwa na miba utakuta dagaa wamekushibisha zaidi kwa fedha ile ile.

Mama lishe na mkaanga samaki: wateja wako hawaulizi, kwa hiyo wewe ndiye mwenye kauli. Sehewa na vibua wa asubuhi, waliofika na kuwekwa barafu, wanakaangika vizuri na hawakuletei lawama ya mtu kuwashwa mdomo. Pweza chukua wa nusu kilo kwenda juu. Ukiwakataa wadogo wiki mbili tatu mfululizo, wachuuzi wako wataacha kukuletea.

Mwenye hoteli au mgahawa wa watalii: mgeni atakuuliza chewa. Mwekee kolekole, nguru wa kurambaza au ngisi, na uandike kwenye menyu amevuliwa kwa chombo gani. Wageni wa siku hizi wanaposoma "mshipi" huagiza kwa furaha. Ukimpika chewa, asiwe yule mkubwa kuliko wote mnadani.

Mwenye harusi: nguru au kolekole kwa wali, kamba wa nyavu za mkono wakipatikana, na mwatiko kama unamjua mfugaji na unaweza kuagiza wiki kadhaa kabla. Zungumza na dalali mapema kuhusu barafu, usingoje asubuhi ya shughuli.

Anayeishi Muheza, Korogwe au Lushoto: samaki mbichi anayekufikia kwa bodaboda bila barafu ni bahati nasibu, hasa akiwa jodari, sehewa au kibua. Kwa safari hiyo changu au tasi aliyetolewa matumbo na matamvua na kulazwa kwenye barafu ana nafasi nzuri zaidi ya kufika salama. La sivyo dagaa wakavu wa kichanja, na pweza aliyekaushwa kwa wale wanaojua kumloweka na kumpika kwa nazi.

Na kusi likikaza, mashua zimefungwa na meza za Deep Sea ziko tupu isipokuwa samaki wa jana na juzi: siku hiyo tafuta mwatiko, au pika dagaa uliowakausha wakati wa kaskazi, au maharage.